Afilieti au netiweki maketingi: una laki mbili uko Mbeya, uende wapi?

Ukifika msimu wa kuuza mpunga wa Kyela na Mbarali, au viazi vikishatoka kule Uyole na Njombe, inboksi yangu inaanza kujaa swali moja kwa maneno tofauti tofauti: kaka nina laki mbili, kuna dada ananiita kwenye semina ya netiweki maketingi pale Kabwe, halafu kuna jamaa TikTok anasema afilieti maketingi inalipa kwa dola hata ukiwa umelala, niingie ipi? Na mara nyingi anayeuliza tayari ameshaambiwa nafasi zinaisha kesho jioni.

Niseme upande wangu mapema usije ukadhani naficha. Mimi naegemea afilieti, ila siyo kwa sababu inalipa zaidi, maana kwa wengi wetu huku haitalipa chochote miezi mingi ya mwanzo. Naegemea huko kwa sababu ikikushinda unakuwa umepoteza muda na bando, wakati netiweki ikikushinda unakuwa umepoteza hela na umepoteza watu, na huku kwetu ukishapoteza watu siku umeuguliwa utamkimbilia nani?

Zinavyofanya kazi

Afilieti ni udalali, basi. Dalali wa mchele pale Mwanjelwa hana gunia hata moja, anachojua ni nani anauza na nani anatafuta, akiwakutanisha anakula chake na wala hakuna aliyemwambia anunue kwanza gunia tano ndo aruhusiwe kuwa dalali. Huku mtandaoni kampuni inakupa linki yenye namba yako, unaiweka kwenye video au makala au stetasi, mtu akibofya simu yake inawekewa alama ndogo inaitwa kuki, akinunua ndani ya muda uliopangwa mfumo unajua katumwa na wewe na unapewa komisheni. Amazon walianza mpango wao mwaka 1996 na mpaka leo ndo unaojulikana zaidi. Kuki yao inaishi masaa 24 tu. Mtu akibofya leo akanunua keshokutwa, imekula kwako.

Viwango sasa. Kwa Amazon vitabu na vitu vya jikoni vinalipa asilimia 4.5, yaani mtu akinunua sufuria la dola 40 wewe unapata dola 1.80, kama elfu nne na nusu hivi ya kwetu. Hela yenyewe inakuja siku 60 hivi baada ya mwezi kuisha. Na ukijisajili ukakaa siku 180 bila kufikisha mauzo matatu, akaunti wanaifunga, hawana maneno mengi. Bidhaa za kidijitali kama kozi, programu na vitabu vya kusoma kwenye simu zinalipa asilimia kubwa zaidi, nyingine zinafika nusu ya bei, kwa sababu mwenye nayo hana gharama ya kutengeneza kopi nyingine. Ila kopi ikiwa rahisi hivyo na takataka nazo zinakuwa nyingi, kwahiyo soma kwanza hiyo kozi kabla hujaisifia.

Netiweki ni mzee zaidi. Nutrilite ya Marekani, waliokuwa wanauza vitamini, walianza kulipa kwa ngazi mwaka 1945, na wauzaji wao wawili, Rich DeVos na Jay Van Andel, wakaja kuanzisha Amway mwaka 1959. Mfumo umebaki ule ule hata kwa kampuni unazozisikia hapa kwetu kama Forever Living: unajiunga chini ya mtu, huyo ndo apulaini wako, unanunua bidhaa kwa bei ya mwanachama, unauza kwa bei ya rejareja na hiyo faida ni yako. Mpaka hapo hamna shida, ni uchuuzi wa kawaida kabisa. Utamu, au uchungu, unaanzia hatua ya pili: ukiwaingiza wengine chini yako, unapata asilimia ya manunuzi yao, na ya wale watakaoingizwa na wao, kushuka ngazi kadhaa. Halafu ili uhesabike na ulipwe hiyo bonasi lazima kila mwezi uwe aktivu, maana yake ufikishe pointi fulani, na pointi zinapatikana kwa kununua.

Hapo kwenye kununua ndo pa kukaa.

Hela inatoka mfukoni mwa nani?

Kwenye afilieti jibu ni rahisi, inatoka kwa mteja ambaye alitaka kitu, kakipata, na muuzaji kakumegea. Mteja huyo hajui hata kama wewe upo Mafiati unakula mihogo. Hana ndoto ya kuwa tajiri kupitia lile sufuria, anataka kupika.

Kwenye netiweki inabidi uulize zaidi, kwa sababu mnunuzi na muuzaji anaweza kuwa mtu yule yule. Dada yupo chini yako, ananunua dawa za meno za laki kila mwezi ili abaki aktivu, anauza mbili, tatu anatumia mwenyewe, zilizobaki zipo chini ya kitanda. Kwenye ripoti ya kampuni hayo ni mauzo, na kwako ni bonasi. Ila ukweli ni kwamba hakuna mteja pale, kuna mtu anajilipia kiingilio kila mwezi akisubiri na yeye apate wa chini yake wa kumlipia.

Hili siyo langu, Marekani wameliongelea mahakamani na kwenye tume zao miaka na miaka. Tume yao ya biashara, FTC, mwaka 1979 iliamua kwamba Amway siyo piramidi, na sababu mojawapo ilikuwa zile kanuni zao: kampuni inanunua tena mzigo usiouzika, mwanachama lazima awe ameuza asilimia 70 ya alichonunua kabla hajaagiza mwingine, na awe na wateja kumi wa rejareja kwa mwezi. Yaani kilichowaokoa ni wateja wa kweli. Mwaka 2016 Herbalife wakakubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha jinsi wanavyolipa watu wao kule Marekani ili malipo yafuate mauzo halisi na siyo kuingiza watu. Na mwaka 2024 hiyo hiyo FTC ikapitia taarifa za mapato za kampuni 70 za netiweki, zile zinazotolewa na kampuni zenyewe, wakakuta walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na kwenye kampuni zisizopungua 17 walio wengi hawakupata hata senti. Na taarifa nyingi zilikuwa hazijatoa gharama za mtu, nauli zake, semina zake, mzigo alionunua. Hao ni Wamarekani wenye wateja wenye hela, sasa piga picha Chunya.

Mwaka huo huo wa 2024 BODi, wale wa mazoezi waliokuwa wanaitwa Beachbody, walitangaza wanaachana na mfumo wa ngazi na kuhamia afilieti ya ngazi moja. Watu walioishi kwenye netiweki miaka mingi wenyewe wameona kwenye afilieti ndo kuna nafuu. Wadau wa semina hili huwa hawalitaji.

Sasa hesabu ya ubaoni, ile ya "wewe leta watano tu, na wao walete watano". Nimeikalia na kalkuleta. Ngazi ya kwanza watano, ya pili 25, ya tatu 125, inaonekana nzuri, ya nne 625, ya tano 3,125. Endelea tu. Ngazi ya tisa peke yake ina watu 1,953,125, na ukijumlisha wote wa chini yako kuanzia mwanzo unapata 2,441,405. Mkoa wa Mbeya wote kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu 2,343,754, na hapo umehesabu vichanga wa Rungwe na wazee wa Kyela wasiojua hata kufungua WhatsApp. Kwahiyo ngazi tisa tu na mkoa umekwisha, na hapo tumejifanya kwamba mjini kuna kampuni moja tu na hamna mwingine aliyeanza kabla yako. Walio ngazi ya mwisho ndo wengi kuliko wote wa juu yao ukiwajumlisha, hiyo ni hesabu tu, haihitaji mtu awe mvivu wala awe na "mindset" mbovu. Mtu wa mwisho hana wa kumleta.

Laki mbili inaenda wapi

Afilieti haina kiingilio. Rudia hapo. Mpango wa afilieti wa kweli haukuchaji hata mia kujiunga, maana kampuni inataka wauzaji, itakuchaji kwa lipi? Laki mbili yako ukienda huku inaishia kwenye bando, taa ndogo ya kurekodia, labda na jina la tovuti na hosting (mahali pa kuiweka hewani) ya mwaka mmoja ukiamua kuandika. Inatosha kabisa. Ambacho haitoshi ni uvumilivu. Miezi mitatu unapost hakuna anayebofya, wa nne mtu anabofya hanunui, wa tano ananunua unapata elfu nne, na mkeo au mama yako mdogo anauliza hivi hiyo simu unayoshika usiku kucha inaleta nini humu ndani. Wengi wanaachia hapo na siwalaumu.

Netiweki laki mbili mara nyingi haifiki hata mlangoni. Kuna kifurushi cha kuanzia, halafu kuna kifurushi "cha kulidi" ambacho ni kikubwa zaidi na utasukumwa kwenda huko kwa sababu apulaini wako naye anapata zaidi ukichukua kikubwa. Halafu manunuzi ya kila mwezi. Halafu semina: ya Mbeya ni tiketi tu, lakini lile kongamano kubwa lipo Dar, nauli ya basi kwenda na kurudi, kulala, kula, na suti, maana huwezi kwenda kwa lidazi na jinzi. Hizi hela hakuna anayeziandika. Ukimuuliza mtu amepata kiasi gani atakuonyesha meseji ya muamala, ukimuuliza ametumia kiasi gani anakuambia usiwe na mawazo hasi.

Ila tuwe wakweli, netiweki ina vitu inaizidi afilieti, hasa kwa mazingira yetu, na anayeiponda yote yote hajawahi kuuza kitu.

Kwanza bidhaa unaishika. Huku Nyanda za Juu mtu ananunua akimwona anayemuuzia, anakuuliza kwenu wapi, unaongea lugha gani, ukimjibu kamwene vizuri tayari umeshauza nusu. Mama mwenye saluni Makambako ambaye ana wateja wanaokaa masaa mawili wanasukwa, akiweka losheni na dawa ya meno pale kwenye kioo anauza, na hela anapokea mkononi siku hiyo hiyo. Huyo hata asipoingiza mtu hata mmoja ana faida yake ya rejareja. Kwa huyo mama mimi nitamwambia sawa, endelea, ila usipande ngazi yoyote kwa kukopa kikoba.

Pili malipo. Bonasi za netiweki zinaingia benki au kwenye simu kwa shilingi. Afilieti za nje zinalipa kwa dola na hapa ndo vijana wengi wanakwama baada ya kufanya kazi yote: PayPal kwa akaunti ya Tanzania unaweza kulipia vitu lakini kupokea ni kizungumkuti, kwahiyo angalia mapema kama kampuni inalipa kwa Payoneer, huduma nyingine ya kupokelea hela za nje, au moja kwa moja benki, na kiwango cha chini cha kutoa ni kiasi gani. Nimeona mtu ana dola 37 zimelala kwenye mfumo ambao hautoi chini ya 100. Uliza hilo kabla ya kutengeneza hata video moja.

Tatu mafunzo. Zile semina pamoja na kelele zake zinamfundisha mtu aliyekuwa anaogopa kuongea mbele ya watu watatu asimame mbele ya mia. Nimewaona walioacha netiweki wakawa wauzaji wazuri wa bima na viwanja. Ni shule ya ghali, lakini ni shule.

Na afilieti ina hatari yake, unajenga kwenye kiwanja cha mtu. Aprili 2020 Amazon walishusha komisheni, fanicha zikatoka asilimia 8 mpaka 3, watu waliokuwa wanaishi kwa hizo tovuti wakaamka mapato yameshuka zaidi ya nusu na hakuna wa kumlalamikia. Kwetu hapa Jumia, lile duka la mtandaoni, walifunga Tanzania Novemba 2019, na kila aliyekuwa amepanda linki zao kila mahali akabaki na linki zisizoenda popote.

Watu wako

Netiweki wanaanza na zoezi la kuandika majina mia ya watu unaowajua. Shangazi, mliosoma nao Sangu au Iyunga, kwaya, kikoba, majirani. Mtaji wako wa kwanza ni hao. Ukiwauzia sabuni hakuna anayekuchukia, lakini ukiwaingiza wakanunua vifurushi halafu visiuzike, kila mkikutana msibani kuna kitu kimekaa katikati yenu. Mji kama Iringa ni mdogo, ukipanda Gangilonga ukashuka Kihesa umeshakutana na nusu ya watu wako, utawakwepa mpaka lini?

Afilieti kwa kawaida unauzia watu usiowajua, wakija wakiondoka sawa. Ila usidhani ndo usafi wenyewe. Kuna afilieti mbili zinazopendwa sana na vijana wetu na mimi zote mbili siziwezi. Moja ni za mabroka wa foreksi, ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, ambapo yule "mentoo" anakupa linki ya kufungulia akaunti bure na grupu la signo (kukuambia lini ununue na lini uuze) bure, na kila ukitredi, ushinde ushindwe, yeye anakatiwa chake, ndo maana signo zake ni ishirini kwa siku. Nyingine ni za kubeti. Mipango mingi ya hizo inamlipa afilieti asilimia ya kile wachezaji aliowaleta walichopoteza. Isome tena hiyo. Yaani jamaa anayekupa mkeka wa Jumamosi na namba yake ya kujisajilia, mkeka ukichanika ndo anakula. Ni afilieti halali kwenye karatasi, kazi kwako na dhamira yako.

Wanaojiita afilieti na siyo

Kuna kundi la tatu ndo hatari kuliko yote haya na linavaa nguo za hizi mbili. Enzi hizo lilivaa nguo za kanisa, wakubwa mnakumbuka DECI, watu "wanapanda mbegu" wakisubiri kuvuna, serikali ikaja kuifunga 2009, na huku kwetu wapo waliouza ng'ombe wakapande. Mwaka 2025 ikawa LBL, unaweka hela ulipwe kwa kutazama vitu kwenye simu, na ukialika wengine unapata zaidi, ikaanguka. Katikati ya hizo mbili zimepita nyingi na zijazo zipo njiani.

Sasa hivi ujanja mpya ni kujiita "afilieti" kabisa. Unalipia elfu 15 kufungua akaunti, ukimleta mtu unapata elfu 6, akileta na yeye unapata elfu 3, halafu kuna vikazi vya kujaza kama kutazama video. Hiyo siyo afilieti, ni upatu wa piramidi uliobadilishwa jina, na kuendesha upatu wa namna hiyo ni kosa kwa sheria za nchi hii. Hapa sisemi ule mchezo wa akina mama kumi kuzungushiana hela kila wiki, ule kila mtu anapata zamu yake. Ukitaka kuwatambua ondoa kichwani neno la kualika. Kama hakuna aliyealikwa tena kuanzia leo, kuna hela yoyote inaingia kutoka nje? Amazon ingeendelea kuuza masufuria. Saluni ya Makambako ingeendelea kuuza losheni. Ile ya elfu 15 ingekufa kabla ya Ijumaa.

Halafu kwa netiweki za dawa lishe kuna jambo moja zaidi. Ukiambiwa useme inatibu kisukari, presha, uvimbe, usiseme. Virutubisho siyo dawa, na anayeacha vidonge vyake vya Hospitali ya Rufaa kwa sababu wewe umemwambia atumie juisi ya majani hana habari na pointi zako. Angalia bidhaa kama imesajiliwa, tangu 2019 chakula na vipodozi vilihamia TBS na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Apulaini akikwepa swali la usajili umeshajibiwa.

Kwahiyo nani aende wapi

Mwanafunzi wa chuo, wa MUST hapa Mbeya au Mkwawa kule Iringa, mwenye simu nzuri, Kiingereza cha kuandika na muda wa jioni, nenda afilieti, usifikirie mara mbili, huna cha kupoteza. Ila usiwauzie Watanzania wenzako vitu vya Amazon, hawanunui huko. Geuza macho. Kuna mzungu sasa hivi yupo Ulaya anatafuta anafikaje Kitulo kuona maua, hifadhi ipo tangu 2005 na taarifa za maana mtandaoni ni chache, anatafuta alale wapi akitaka kupanda kwenda ziwa Ngozi, treni ya TAZARA inakuwaje, kile kimondo cha Mbozi kipo umbali gani na mjini, Ruaha unaingiaje bila kutoa mamilioni. Wewe unavijua vyote hivyo au unaweza kwenda kuvijua kwa nauli ya hiace. Andika vizuri, piga picha zako mwenyewe, weka linki za hoteli na za safari. Makala moja ya kweli kuhusu njia ya Isyonje kwenda Kitulo ina thamani kuliko video mia za "jinsi ya kupata dola".

Mwalimu au muuguzi aliye Ludewa au Makete, mtandao unasumbua na muda hana, kwangu zote mbili hapana kwa sasa. Najua umeona wenzako kazini wanazunguka na mabegi ya bidhaa. Mshahara wako ndo mtaji wa mtu mwingine pale, jiulize kwa nini semina zinapenda sana watumishi mwisho wa mwezi.

Mwenye duka, saluni, famasi ya vipodozi, mtu ambaye tayari watu wanamjia, netiweki inaweza kukufaa kama stoku tu. Chukua kiasi kidogo, uza, rudisha, chukua tena. Wakikuambia mambo ya rank, yaani kupanda ngazi, waambie ndaga (asante), kisha endelea kusuka.

Na kuna njia ambayo wengi wanairuka kwa sababu haina jina zuri. Nenda kwa wenye maduka ya hapa hapa, wa sola, wa pampu za umwagiliaji, wa mashine za kukoboa, wa miche ya parachichi Njombe, muulize ukimletea mteja atakupa asilimia ngapi. Wengi wanakubali haraka kuliko unavyodhani. Tengeneza video kwa Kiswahili zinazoonyesha pampu inavuta maji kutoka urefu gani, inakunywa mafuta kiasi gani, mkulima wa Usangu ana maswali hayo na hakuna anayemjibu. Mteja akija anataja jina lako, wewe unaingiziwa kwenye simu kwa shilingi. Hakuna kuki hapo, kwahiyo muandikishane hata kwenye karatasi ya daftari: bidhaa ipi, asilimia ngapi, unalipwa lini, na mteja akirudi mara ya pili bila kutaja jina inakuwaje. Hilo la mwisho ndo linalogombanisha watu.

Kama bado moyo upo netiweki, kabla ya kutoa hela muombe apulaini vitu viwili akuonyeshe, siyo akusimulie. Manunuzi yake yote ya mwaka jana na malipo yake yote ya mwaka jana, kwenye simu, kuanzia Januari. Na kanuni ya kampuni ya kurudisha mzigo ukiacha: wanarudisha asilimia ngapi, ndani ya siku ngapi, boksi likiwa limefunguliwa je, na mzigo unaurudisha Mbeya hapa hapa au unatakiwa kuupeleka ofisini Dar kwa nauli yako. Afilieti ukichoka unafuta linki na kulala. Netiweki kutoka kwake kuna masharti na yameandikwa mahali, yasome ukiwa bado nje, ukiwa na laki mbili yako mfukoni.